Tulivyokiulizia Cheti cha Waingereza

Siku ile tulikuwepo bibi mzaa baba, ameegemea ukuta huku miguu ameinyoosha mkekani kwa sababu ya magoti, baba mdogo, aliyetoka Kimbiji na kapu la mihogo, shangazi, dada mkubwa wa baba na baba mdogo, aliyefika kutoka Tegeta amenuna kwa ajili ya foleni, mdogo wangu wa kike, ambaye kikao kilikuwa chake ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, na mimi. Baba na mama walikuwa wameshatangulia miaka mingi. Ndiyo maana nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha baba, upande wa wakubwa, mtu ambaye sikufika hata kidato cha tatu.

Niliacha shule arobaini ya baba ilipokwisha. Mama alikuwa amekufa kabla yake, na pale nyumbani Tandika tulibaki na bibi na mdogo wangu aliyekuwa bado anajifunza kusoma. Hakuna aliyenifukuza shule wala kuniambia niache. Siku moja nilivaa sare, nikafika njia panda, nikakata kushoto kwenda Keko kwa mafundi wa samani. Nikapewa msasa nipige miguu ya meza. Tangu hapo natengeneza makochi, na hiyo ndiyo kazi iliyomfikisha mdogo wangu kidato cha sita.

Matokeo yake yalikuwa ya wastani. Baba mdogo alihangaika na jamaa zake mpaka akampatia nafasi chuo cha ualimu, na jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kwisha. Lakini mdogo wangu alikuwa na lake. Alitaka uhasibu, na aliutaka kwa njia ya mitihani ya kitaaluma ya Uingereza, ile ambayo mtu anasoma hapa hapa Dar, anafanya somo moja moja mpaka amalize. Alikuwa na kipeperushi cha chuo kimoja cha Kinondoni. Kilikuwa na picha ya vijana wamevaa majoho wanarusha kofia juu, na kwenye pembe bendera ya Uingereza.

Baba mdogo alikishika kipeperushi kwa ncha za vidole.

"Waingereza? Hao si walishaondoka?"

"Wameondoka wenyewe, baba mdogo," mdogo wangu akasema. "Mitihani imebaki."

Bibi akacheka. Shangazi hakucheka.

"Mie nauliza kitu kimoja tu," alisema. "Ukikipeleka ofisini, wanakijua? Maana kuna mtoto wa jirani yangu amesoma kitu cha nje, wazazi wameuza mpaka gari. Leo cheti kimetundikwa ukutani sebuleni, na yeye yupo chini yake anaangalia tamthilia."

"Ualimu kila mtu anaujua," akasema baba mdogo. "Hata mbuzi wa Kimbiji wanamjua mwalimu."

Mdogo wangu alianza kueleza kuhusu viwango na masomo na dunia nzima, na kila alivyoeleza ndivyo wakubwa walivyozidi kumtazama kama anayeuza dawa ya mende barabarani. Mwishoni bibi akageuka kwangu. Tangu nizaliwe huniita mume wake, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume.

"Mume wangu, nawe unasemaje?"

Sikuwa na la kusema kuhusu cheti. Nilikuwa najua kiasi walichojua wao, yaani hakuna. Nilichokuwa nakijua ni kwamba yule msichana hakuwa anabahatisha. Nilikuwa nimemwona kwa mwaka mzima akisoma vitabu vya kuazima vya hesabu za biashara, anajibu maswali ambayo hakuna mwalimu aliyempa. Kama njia hii ilikuwa ya kweli, nilikuwa tayari kuibeba. Kama ilikuwa ya uongo, ilikuwa kazi yangu kuijua kabla yake.

"Tukiulizie," nikasema. "Kama posa."

Kwetu posa haijibiwi siku inapoletwa. Wazee hupokea barua, hushukuru, huwapa wageni soda, kisha hutuma mtu akaulizie. Huyo mtu haendi kwa kijana mwenyewe. Anakwenda mtaani kwake, anakunywa kahawa kwenye baraza, anauliza dukani wanakokopa, anauliza wanaoishi naye ukuta kwa ukuta. Akirudi na neno, neno hilo ndilo jibu. Katika ukoo wetu kazi hiyo ni ya baba mdogo. Kwa kinywa chake wamekataliwa vijana wenye magari, na amekubaliwa muuza samaki mmoja ambaye mpaka leo ndiye mkwe tunayemtegemea.

Wote walicheka isipokuwa yeye. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Nipelekeni huko Kinondoni," akasema.

Tulikwenda Jumatatu. Alivaa kanzu na koti, mavazi yake ya kuulizia. Chuo kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye vioo, na bendera ile ile ilikuwa imebandikwa mlangoni. Nikashika njia ya ngazi. Akanivuta shati.

"Unakwenda wapi?"

"Si juu, baba mdogo? Tukawaulize."

"Toka lini ukamwendea mwanamume mwenyewe ukamuuliza kama yeye ni mlevi?"

Tukakaa kwa muuza juisi ya miwa, mkabala na mlango. Baba mdogo akaanza kazi. Alimsalimu mlinzi wa jengo, akamwagizia juisi, akamuuliza kwao wapi, wakagundua kuna ndoa iliyounganisha vijiji vyao zamani. Baada ya hapo mlinzi alisema mwenyewe bila kuulizwa.

"Wakifungua wanakuwa wengi mpaka wanakaa kwenye ngazi. Baada ya miezi mitatu hivi, mwalimu anashuka tunacheza drafti."

Kisha tukaingia duka la jirani, la kutoa nakala na kuchapisha. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Baba mdogo akamuuliza kama anawafahamu hawa wa juu.

"Wateja wangu wazuri," akasema. "Vyeti vyao nachapa mimi hapa. Karatasi ngumu, bendera ya rangi. Wakitaka ile ya kung'aa, wanaongeza kidogo."

Baba mdogo alimshukuru sana, akamwombea kheri kwa watoto wake. Nje akasema neno moja tu.

"Imerudi."

Ndivyo wasemavyo posa ikikataliwa.

Jioni alitoa taarifa nyumbani, akiwa bado na koti. Alieleza habari za mlinzi, drafti, mpaka bendera ya kung'aa. Bibi alikuwa akipiga mapaja kwa vicheko. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, macho yamemjaa machozi, kisha akamwamkia.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba."

"Chuo nilichagua vibaya. Hilo nakubali, na ahsante kwa kuniokoa. Lakini mmemuulizia mshenga. Bwana harusi mwenyewe hamjamwona."

"Unasemaje?"

"Chuo kinafundisha tu. Wanaotunga mitihani na kutoa cheti ni bodi, na bodi iko Uingereza. Wale wa pale juu walikuwa wanachapa cheti chao wenyewe. Cha bodi hakichapwi Kinondoni."

"Mtoto," akasema baba mdogo, "mie nimeshasema. Nikirudi nikisema tena, posa ijayo nani ataniamini?"

Kesho yake alirudi Kimbiji. Shangazi akanipigia simu kuniambia nimshauri mdogo wangu akubali ualimu, mwezi unakwisha.

Siku hizo nilikuwa navisha upya viti vya ofisi ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo, pale karibu na Mwenge. Aliyeniletea kazi alikuwa mama afisa utumishi, yaani ndiye anayepokea maombi ya wanaotafuta ajira. Nilikuwa nimeinama, stepla mkononi, nafunga kitambaa chini ya kiti chake, ndipo wazo lilipokuja. Baba mdogo alikuwa na kanuni nzuri, ila tuliitumia kwa jirani asiye wake. Majirani wa chuo ni mlinzi na mwenye duka. Majirani wa cheti ni wanaokaa nacho na wanaokipokea mezani.

Nilipopeleka viti nikamwomba yule mama anipe nafasi ya kumletea mzee wangu mmoja. Akaniuliza mzee anatafuta kazi? Nikamwambia hapana, anaulizia posa. Alinitazama, akaniambia nije Alhamisi baada ya chakula cha mchana.

Nikampigia baba mdogo.

"Kazi haijaisha," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Anaulizwa anayeishi naye ukuta kwa ukuta. Tumeuliza mtaa mwingine."

Akaguna. Kisha akasema, "Nitumie nauli."

Alikuja na kanzu, koti, kofia mkononi. Mdogo wangu tulimwacha nyumbani. Anayeposwa haendi kuulizia. Yule mama alimwamkia, akamketisha kwenye kiti nilichokivisha mwenyewe, na nakumbuka baba mdogo alikipapasa chini kwa siri kuangalia kazi yangu kabla ya kukaa vizuri.

"Mama," akaanza, "kuna cheti cha Waingereza, cha biashara na uhasibu. Kimekuja kwetu. Sisi watu wa Kimbiji hatukijui. Wewe unaishi nacho?"

"Naishi navyo, mzee. Ni vingi." Akafungua kabati, asitutolee kitu, akatuonyesha tu mafaili yalivyopangana. "Vyote vinaitwa vya Uingereza. Kuna ambacho mtu akija nacho namwita siku hiyo hiyo kabla kampuni nyingine haijamwita. Na kuna ambacho ni karatasi yenye bendera."

"Hiyo tumeiona. Utazijuaje?"

"Sisomi jina la chuo. Nasoma jina la aliyekitoa. Halafu naingia kwenye mtandao wao, naandika namba ya mwanafunzi. Asipoonekana huko, hayupo. Kama ni bodi ya kweli, binti yenu anajisajili kwao kwa jina lake mwenyewe, mtihani anafanyia hapa Dar, majibu yanatoka kwao. Anaweza kusoma hata chini ya mti, cheti ni kile kile."

Baba mdogo akatikisa kichwa taratibu.

"Kabila lake tumelijua. Sasa tabia. Kina kasoro gani?"

Yule mama akaweka kalamu chini. "Unataka ukweli, mzee, au unataka moyo utulie?"

"Moyo umetulia toka zamani. Nipe ukweli."

Akampa. Kampuni binafsi, mabenki, mashirika, hao wanakipenda. Serikalini mlango ni mwingine: cheti cha nje lazima kipelekwe kwenye mamlaka kikafanyiwe tathmini, kilinganishwe na elimu ya hapa, na hata baada ya hapo kuna nafasi ambazo zinataka shahada na hazitaki kitu kingine. Halafu akitaka kutambuliwa kuwa mhasibu hapa nchini, atarudi kwenye bodi ya hapa afanye mitihani ya kodi na sheria za Tanzania, maana Mwingereza hamfundishi mtu kodi ya Kariakoo. Wengi wanaanza na wachache wanamaliza, kwa kuwa kila somo lina ada yake na ukianguka unalipa tena. Na mshahara wa anayeanza ni wa anayeanza.

"Akiishia katikati?"

"Kila ngazi ina cheti chake. Akifika ya kwanza akakwama, hatoki mikono mitupu."

"Na akishamaliza, ndiyo wake moja kwa moja?"

"Hapana. Kila mwaka analipa ada ya uanachama. Asipolipa wanamtoa."

Baba mdogo akanigeukia, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza toka afike.

"Umesikia? Kumbe na huyu anadai matunzo kila mwaka!"

Yule mama alicheka mpaka mwenzake wa chumba cha pili akachungulia.

Swali la mwisho baba mdogo aliliuliza amesimama, ameshavaa kofia. Ndilo ambalo huuliza kwenye kila posa.

"Ungekuwa na binti, ungempa?"

Yule mama akafunga kabati. "Kama ni mvivu, nisingempa, angeteseka," akasema. "Kama ni wa kukaa chini, ningempa, na ningemwambia siku ya kwanza kabisa kwamba serikalini asitegemee."

Jumapili tulikaa tena, watu wale wale, mahali pale pale. Baba mdogo alisimama ingawa hakuna aliyemtaka asimame.

"Nilisema imerudi," akasema, "na ile iliyorudi, imerudi kweli. Hii ni posa nyingine. Nimeiulizia. Ni wa ukoo unaojulikana, nyumba yake ina mlango. Kasoro anazo, nimeambiwa na nitazisema." Akazisema zote bila kupunguza, hata ya serikalini, akimtazama mdogo wangu. "Haya mama, mwenye kuposwa ni wewe. Unamtaka na kasoro zake?"

"Namtaka."

"Ukimwacha katikati?"

"Simwachi."

Bibi akapiga kigelegele chake, chembamba, cha mtu asiye na meno. Shangazi ndiye aliyeturudisha.

"Kigelegele baadaye. Nani analipa?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe na nini, mwanangu?"

Hapo aliniweza. Nilikuwa na mikono na deni la mbao. Ada ya usajili na masomo ya mwanzo ilitakiwa kwa pamoja, na makochi hulipwa kidogo kidogo, wengine mpaka uwafuate nyumbani. Nikamwambia nitafanya kazi mpaka jioni kila siku, Jumapili pia. Akasema Jumapili haitoshi.

Shangazi alikuwa anamalizia nyumba Tegeta. Kila mtu alijua ana akiba ya samani, maana alikuwa akituonyesha kwenye simu picha za makochi kila akija. Alivuta mtandio wake, akasema:

"Hela za samani zipo. Nikienda nazo dukani wataniuzia vitu vya maganda ya mbao. Nampa mtoto. Wewe utanitengenezea nyumba nzima: kitanda, kabati, meza ya chakula na viti vyake, na makochi. Mninga, fremu nzima, sitaki paini. Na sitaki kurudishiwa hela, nataka vitu."

"Nitatengeneza."

"Mbele ya mama yangu?"

"Mbele ya bibi."

Tukapeana mkono. Nafasi ya ualimu mdogo wangu aliikataa kesho yake, kwa barua ya heshima aliyoiandika mwenyewe, na baba mdogo akaipeleka kwa mkono kwa wale jamaa zake. Huo ulikuwa mzigo wake, na hajawahi kunilalamikia.

Mdogo wangu alijisajili bodi kwa jina lake. Darasa alilipata juu ya duka la dawa hapo hapo Kinondoni, bila bendera, mwalimu mmoja mkali aliyesema siku ya kwanza: "Mimi sitoi cheti, natoa kazi za nyumbani." Mara nyingine alikuja Keko kusoma, akikaa kwenye kochi lililosubiri mteja, huku sisi tunagonga misumari. Mafundi wenzangu walimwita Malkia. Yeye na makelele yale walizoeana.

Nyumbani cheti kilipata jina: Mkwe Mwingereza. Baba mdogo akipiga simu, baada ya kuuliza hali ya bibi, anauliza, "Na mkwe? Hajambo? Bado msumbufu?" Mdogo wangu alipoanguka somo la ukaguzi wa hesabu, alijifungia chumbani mpaka kesho yake. Baba mdogo akaomba apewe simu. Sijui walisemezana nini. Nilisikia tu mdogo wangu akisema, "Ndiyo, nilisema simwachi." Akalirudia. Akaanguka tena. Akalirudia tena.

Bibi hakuishi kumwona akimaliza. Alikiona cheti cha ngazi ya kwanza tu, ambacho alikishika kichwa chini miguu juu akasema ni kizuri.

Mdogo wangu sasa anafanya kazi kwenye idara ya hesabu ya kampuni moja. Mitihani amemaliza, ya Waingereza na ya kodi za hapa. Uanachama kamili ameupata baada ya miaka ya kazi waliyomtaka aitumikie kwanza. Aliwahi kuomba nafasi serikalini. Wakamtaka tathmini ya mamlaka, akaipata, kisha ikaonekana nafasi yenyewe inataka shahada. Alirudi nyumbani, akala, akasema, "Tuliambiwa." Hakuna aliyemsikia akilaumu. Watu wakiniuliza kama cheti kile kina thamani, huwa nawauliza wanataka kukipeleka wapi, maana hilo ndilo la kwanza, na la pili ni kama wamelitazama jina la aliyekitoa.

Kuhusu shangazi. Kitanda nilimpelekea mwaka ule ule, na kabati likafuata. Meza na viti vyake vilichukua muda zaidi, lakini vipo Tegeta, na kila mgeni anaambiwa ni mninga mtupu. Yaliyobaki ni makochi. Seti ya kwanza nilikuwa nimeshaivisha, ndipo ada ya somo la ukaguzi ilipohitajika tena. Nikampigia simu shangazi, nikamwambia yapo tayari na kuna mteja. Akauliza ni kwa ajili ya mtihani? Nikasema ndiyo. Akasema uza. Seti ya pili nayo iliondoka vivyo hivyo. Siku hizi anapenda kuwaambia watu kwamba makochi yake yapo Mbezi kwa wateja, yanakaliwa na watu asiowajua.

Mdogo wangu amejaribu kumaliza jambo hili kwa hela yake. Alikwenda Tegeta na bahasha. Shangazi akamkaribisha chai sebuleni, kwenye viti vya plastiki, akamrudishia bahasha.

"Wewe hatudaiani," akamwambia. "Mie nimepeana mkono na kaka yako, mbele ya mama yangu."

Kwa hiyo bado nadaiwa. Sponji imepanda bei, mninga imepanda zaidi, na shangazi amebadilisha mtindo mara kadhaa kwenye simu. Sasa anataka mikono ya mviringo. Fremu ya kochi la watu watatu ipo karakana, nimeipindua miguu juu, na leo mchana nimeanza kuvuta mikanda ya kubebea sponji.